Ficha Ng'ombe kwa Shemeji, Halafu?

Wiki iliyopita nimesikia ushauri mmoja mara tatu. Mara ya kwanza kwa kinyozi hapa Karurumo, mara ya pili ndani ya matatu ya kwenda Runyenjes, na mara ya tatu kwa matanga, watu wakingoja chai. Mtu amefunga biashara, madeni yamebaki, na kila mtu anamwambia kitu kimoja: hamisha vitu usiku. Ng'ombe mpeleke kwa shemeji. TV iende kwa dada. Shamba, kama lina jina lako, andikisha mtoto. Halafu wakija wapate nyumba tupu, wewe kaa hapo kwa mlango unakunywa uji.

Wasee, huo ushauri ni mbaya. Sisemi ni dhambi, hiyo mtauliza mchungaji. Nasema ni mbaya kwako wewe mwenyewe mwenye deni, na nitawaonyesha kwa nini. Na kabla mtu hajaniuliza mimi ni nani, niseme tu: mimi si wakili. Mimi ni kijana aliyefungua saiba, akafunga saiba, akaficha printa kwa nyumba ya mjomba. Kwa hivyo ninayopinga hapa niliyafanya.

Lakini nianze na kilichonifanya niandike. Jirani yetu, mama wa watoto watatu, alikuwa na hoteli ndogo kando ya barabara. Chapati, madondo, chai ya maziwa. Alichukua mkopo wa kikundi, ule wa akina mama kumi na kitu wanaodhaminiana, kila mtu akisimama kwa mwenzake. Bei ya unga ikapanda, wateja wa kahawa wakapungua msimu ulipoisha, akakosa kulipa wiki tatu, nne, tano. Akafunga hoteli. Siku moja saa kumi na mbili asubuhi pikapu ikasimama kwa lango. Walishuka akina mama wa kikundi na kijana wa ofisi ya mkopo. Wakabeba viti vya sebuleni, TV, mtungi wa gesi, sufuria mbili kubwa, na godoro ambalo watoto walikuwa wameamka juu yake dakika kumi tu zilizopita.

Hakuna aliyeonyesha karatasi ya korti. Hakuna aliyeuliza karatasi ya korti. Mimi mwenyewe nilisimama hapo na simu mkononi kama mjinga, nikifikiri hivyo ndivyo sheria ilivyo. Ukishindwa kulipa, si wanachukua? Hapana, buda. Si hivyo.

Tuna sheria inaitwa Civil Procedure Act, Sura ya 21. Ni ya mwaka wa 1924, imezeeka kuliko shosho wengi wa hapa. Kifungu chake cha 44 kinataja vitu ambavyo havishikwi hata kama korti imeshakuhukumu ulipe. Nguo za lazima. Vyombo vya kupikia. Vitanda na matandiko yako, ya mke wako na ya watoto. Vifaa unavyohitaji kufanya kazi yako. Soma hapo tena polepole. Hata mtu aliyeenda kortini, akashinda kesi, akapewa waranti na jaji, haruhusiwi kuondoka na godoro la mtoto wako wala sufuria unayopikia. Sasa kama mwenye waranti hawezi, kikundi kisicho na waranti kimepata wapi hiyo nguvu?

Kimepata kwa kimya chetu. Hiyo ndiyo jibu langu.

Na hata dalali wa mnada aliyetumwa na korti haji tu na pikapu kupakia. Kuna Sheria ya Madalali ya 1996 na kanuni zake za 1997. Akija mara ya kwanza anaorodhesha vitu, kimoja kimoja, aandike thamani yake na hali yake. Watu huita hiyo karatasi proklamesheni. Anakuachia na ilani ya siku saba ulipe ukomboe vitu vyako. Siku saba zikiisha bila malipo ndipo anarudi kubeba, na hata hapo lazima mnada utangazwe kwanza, wala haufanyiki siku hiyohiyo nyuma ya kituo cha mafuta. Akiona atalazimika kuvunja mlango, aende aombe idhini ya korti na polisi wa kumsindikiza. Akikiuka, ana bodi inayompa leseni, na bodi hiyo hupokea malalamiko. Kwa hivyo mtu akija kwako asubuhi na mapema, swali la kwanza si "nitaficha nini?" Swali la kwanza ni: karatasi iko wapi? Iombe kwa adabu. Isome. Piga picha. Kama ni waranti, angalia jina ni lako na namba ya kesi iko. Kama hakuna karatasi, waambie wakapate, na mwite jirani ashuhudie.

Sasa kuna mtu atasema, "Lakini yule mama aliweka sahihi fomu, TV yake iliandikwa kama dhamana." Ni kweli, na hapo lazima tuwe wakweli. Kifungu cha 44 kinalinda vitu dhidi ya hukumu ya korti. Kitu ulichokiweka dhamana mwenyewe kwa sahihi yako ni hadithi nyingine. Tangu 2017 tuna sheria ya dhamana za mali inayohamishika, na chini yake unaweza kuweka rehani ng'ombe, mashine, hata mazao, na mkopeshaji akaandikisha haki yake. Ukiweka sahihi hapo umefungua mlango wewe mwenyewe. Lakini hata huo mlango una taratibu. Anatakiwa akupe ilani kwanza. Na kuchukua kwa fujo au kuvunja haijawahi kuwa haki ya mtu yeyote, awe na fomu au asiwe nayo. Halafu, TV iliandikwa. Sawa. Godoro liliandikwa wapi? Sufuria ziliandikwa wapi? Nimeiona ile fomu. Hazimo.

Ndiyo maana nasema: kabla hujaweka sahihi fomu yoyote ya mkopo, soma ile sehemu wanakuandikisha vitu vya nyumba. Afisa wa mkopo huijaza haraka haraka, anaangalia sebuleni kwako kwa dirisha na kuandika. Mwambie pole. Biashara yako ina friji? Weka friji. Ina mashine ya kusaga? Weka mashine. Kitanda usiweke. Kama hatakukopesha bila kitanda, basi hiyo pesa ilikuwa ya hatari toka mwanzo.

Turudi kwa kuficha. Nimewaambia nilificha printa. Saiba yangu ilikuwa na kompyuta mbili, printa moja nzuri na mashine ya kulaminisha. Nilikuwa nimechukua karatasi, wino na vifaa vya simu kwa mkopo kwa jamaa mmoja wa Embu mjini, mtu mpole sana, na deni lilikuwa limefika elfu arobaini na tatu. Nilipofunga, rafiki zangu wote waliniambia hamisha. Nikahamisha usiku kwa bodaboda, printa ikafungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Mjomba akaipokea.

Mambo mawili yakatokea. La kwanza, kijana wa mjomba akaanza kuchapisha kadi za harusi nayo. Ningesema nini? Niliwaambia watu si yangu tena! Ukishatangaza kitu si chako, usishangae mtu akikuamini. La pili, yule jamaa wa Embu akasikia. Soko ni dogo, wasee. Kabla ya hapo alikuwa tayari kupokea elfu tatu kila mwezi. Alikuwa amesema mwenyewe, "Kijana, hata mimi nimefunga duka mara mbili, tutapanga." Aliposikia printa imehama usiku alinipigia simu moja tu, akasema anataka pesa zote. Sikuwa na kitu cha kujitetea. Mwishowe niliuza printa kwa bei ya kutupa ili nimlipe nusu, na nusu nyingine nililipa nikifanya kazi ya kubeba ndizi. Ningebaki na printa ningelipa hilo deni kwa kuchapisha. Printa ilikuwa kifaa changu cha kazi. Kile kitu sheria ingenisaidia kukitetea ndicho nilichokificha kama mwizi.

Na kuna kitu kibaya zaidi ambacho sikukijua wakati huo. Watu wanaogopa jela ya madeni. Iko, haijafutwa. Lakini sheria ileile ya 1924, kifungu cha 38, inasema mdaiwa hatupwi ndani eti kwa sababu tu hana pesa. Korti lazima iridhike kuna sababu, na sababu zimetajwa. Kwamba unataka kutoroka. Kwamba una uwezo wa kulipa na unakataa. Na moja ya hizo sababu, sikia hii vizuri, ni kwamba baada ya kesi kufunguliwa umehamisha, umeficha au umeondoa mali yako kwa udanganyifu. Kwa hivyo yule shemeji na yule ng'ombe wanaweza kuwa ndiyo tikiti yako ya kuingia. Mtu maskini asiye na kitu ana ngao: hana. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia ambao Kenya ilikubali unasema kwenye kifungu cha 11 mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Ukificha, unajivua hiyo ngao mwenyewe.

Shamba nalo. "Andikisha mtoto." Wanaosema hivi huwa hawajawahi kwenda kwa bodi ya ardhi. Hapa kwetu ni ardhi ya kilimo. Kuihamisha, hata kama zawadi kwa mtoto, kunahitaji idhini ya bodi, na bila idhini hiyo shughuli ni bure. Utasimama mbele ya watu wanaokujua, uulizwe kwa nini unampa mtoto wa darasa la pili robo eka ya kahawa wiki mbili baada ya kufunga duka. Na hata ukipita, sheria ya ufilisi ya 2015 inaruhusu zawadi kama hizo kurudishwa nyuma na kupanguliwa. Umelipa karani, umelipa mpimaji, umegombana na mke, na shamba limerudi palepale.

Kusema kweli vijana wengi wa hapa hawana hata hilo tatizo. Hatimiliki bado ina jina la babu aliyefariki, na familia haijamaliza kesi ya urithi. Watu huiona hiyo kama aibu. Lakini kwa deni lako inamaanisha kitu kimoja cha maana: shamba la babu si mali yako, na mdai wako hawezi kulikamata. Vilevile mbuzi wa mama yako si mbuzi wako kwa sababu tu unalala kwa boma lake. Dalali akija na kuorodhesha kitu cha mama, mama ana haki ya kwenda kortini kupinga, aseme hiki ni changu, hiki hapa ni ushahidi. Kanuni za 2010 zinampa njia hiyo. Ushahidi ndio shida. Tunanunua vitu bila risiti, tunanunua ng'ombe kwa kushikana mkono. Mama, weka hata ujumbe wa M-Pesa. Siku moja utamwokoa ng'ombe.

Na nyinyi mlioolewa na walioweka shamba benki. Sheria ya Ardhi ya 2012 kwenye kifungu cha 79, na ile ya mali ya ndoa ya 2013, zinasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzako. Mzee akienda peke yake Embu akaweka hati ya nyumba mnamolala na mama watoto hakuweka sahihi popote, hiyo ni hoja nzito, ipelekeni kwa wakili mapema, si siku ya mnada. Na hata rehani ikiwa halali, benki haiuzi kesho. Ukishakosa kulipa inakupa ilani ya miezi mitatu angalau urekebishe, halafu ilani nyingine ya siku arobaini kabla ya kuuza. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa robo au zaidi, inachukuliwa kwamba haijatimiza wajibu wake hadi ijieleze. Hiyo miezi ni muda wa kutafuta mnunuzi wewe mwenyewe kwa bei nzuri. Watu wa hapa wanaitumia kuomba na kunyamaza. Ombeni, sawa, lakini pia tafuteni mnunuzi.

Sasa niwageukie wakubwa, kwa sababu nimekasirika na sitaki kuonekana nawalaumu tu akina sisi.

Nakumatt ilipoanguka, ile ya ndovu, ikiwa na madeni ya mabilioni, ilifanyiwa nini? Korti iliteua msimamizi Januari 2018. Wadai wakazuiwa kurarua vitu huku na kule. Wakaitwa, wakakaa, wakahesabu, na Januari 2020 wakapiga kura ifungwe kabisa. Wasambazaji wengi walilia, najua, na pesa zao hawakuziona. Lakini kulikuwa na meza. Kulikuwa na mtu wa katikati mwenye daftari. Mama wa hoteli ya Karurumo anapata pikapu saa kumi na mbili asubuhi.

Na si kwamba sheria haimjui. Sheria ya ufilisi ya 2015 ina sehemu nzima ya watu binafsi. Kuna kupanga na wadai wote kwa pamoja ulipe kidogo kidogo. Kuna utaratibu wa mtu asiye na mali kabisa. Kuna kutangazwa mufilisi, na ukishatoa taarifa ya mali na madeni yako kwa ukweli, baada ya miaka mitatu kwa kawaida unaachiliwa uanze upya. Hata mufilisi anaachiwa vyombo vya nyumba na vifaa vya kazi. Nani amewahi kuambiwa haya hapa? Nimehudhuria semina tano za vijana na biashara. Tano! Tulifundishwa kuandika mpango wa biashara, tulifundishwa kuhusu Hustler Fund, tulipewa soda na fulana. Hakuna hata mmoja aliyetufundisha namna ya kufunga. Ni kama kufundisha mtu kuendesha bodaboda bila kumwonyesha breki.

Na breki yenyewe ni ya gharama. Nyingi ya hizo taratibu zinakwenda hadi Mahakama Kuu, kuna fomu, kuna ada, kuna wakili. Mtu mwenye deni la elfu themanini hawezi kulipa wakili elfu hamsini amsaidie kusema hana pesa. Kwa hivyo sheria iko, imekaa Nairobi kwa kabati, na huku chini tunatumia sheria ya pikapu. Nataka mbunge wetu wa Runyenjes asome hii.

Na akisoma, kuna jambo moja la aibu kuliko yote ninalomwomba alipeleke bungeni. Kile kifungu cha 44 kinachomlinda mkulima kina viwango. Mifugo: shilingi 10,000 za kwanza za thamani. Vifaa vya kilimo na vya maziwa: shilingi 5,000 za kwanza. Mazao ya kumwezesha kuishi: shilingi 1,000 za kwanza. Sijakosea sufuri. Elfu kumi leo hapa Karurumo ni mbuzi mmoja mzuri, na ukibahatika na wa pili aliyekonda. Ng'ombe anayekamuliwa, anayelipa karo na kununua chumvi, huwezi kumpata kwa bei hiyo hata akiwa kipofu. Elfu moja ya mazao haijazi gunia la mahindi. Panga na jembe na pampu ya kunyunyiza dawa, hapo elfu tano zimeisha, na hujagusa mashine ya kukata nyasi. Fundi wa cherehani analindiwa kifaa chake cha kazi bila kuwekewa kiasi. Mkulima, ambaye ng'ombe ndiye cherehani yake, analindiwa kwato mbili.

Hapo ndipo ninapoelewa watu wanaoficha ng'ombe. Kweli naelewa. Mtu akijua sheria inamwachia mguu mmoja wa ng'ombe, atafanya nini? Mkitaka watu wa Embu waache kupeleka mifugo kwa mashemeji usiku, pandisheni kile kiwango kifike ng'ombe mmoja mzima wa maziwa. Andikeni hivyo, "ng'ombe mmoja", msiandike shilingi, kwa sababu shilingi mnazijua zinavyoyeyuka. Hiyo ni sentensi moja ya kubadilisha.

Lakini hadi ibadilishwe, mkulima mwenye deni afanye nini? Maoni yangu: uza mwenyewe. Ng'ombe unayemuuza mchana sokoni Ishiara kwa bei ya kuelewana analipa deni kubwa kuliko ng'ombe anayeuzwa na dalali kwa wanunuzi wanaojua una shida. Nenda kwa mdai na pesa mkononi, mwambie hii ni sehemu, iliyobaki tuandikiane. Muandikiane kweli, karatasi, tarehe, sahihi mbili. Mdai mwenye akili anajua kesi ina gharama na muda. Hata mahakama za madai madogo, zile za madai yasiyozidi milioni moja, ambazo zinatakiwa kuamua ndani ya siku sitini, bado zinamtaka afunge duka aende akae kwa benchi. Anapenda kupanga kuliko wewe unavyofikiri. Asichopenda ni kuchezewa.

Na tukumbuke mdai ni nani. Hapa watu wanazungumza kama mdai ni benki tu, jengo lenye kioo, kwa hivyo kumficha ni ushujaa. Deni la yule jirani yangu lina benki kidogo. Lina akina mama wa kikundi ambao wiki hizo tano walitoa pesa zao za mfukoni kumlipia, wengine wao wana njaa kuliko yeye. Lina mzee aliyemletea maziwa mwezi mzima kwa kuandika. Lina msichana aliyekanda chapati na hajalipwa mshahara wa mwisho. Ukihamisha vitu usiku unawakimbia hao pia. Nimekasirikia kikundi kwa kubeba godoro, na nitaendelea, lakini kama wangekuja wakakaa chini wakadai friji ya hoteli na ile meza ya kaunta iuzwe wagawane, ningewabebea mimi mwenyewe. Friji ilikuwa ya biashara. Kwani nani aliigusa? Iko hapo hadi leo imefungwa ndani ya kibanda, kwa sababu kila mtu alikimbilia sebuleni. TV ndiyo inaonekana.

Hiyo inanikumbusha kitu ambacho ningependa kuambiwa nikiwa na miaka ishirini na mbili. Ukisajili jina la biashara pale eCitizen, hujaunda kitu kingine. Ni wewe tu umevaa kofia. Deni la kofia ni deni la kichwa. Kampuni yenye dhima ya kikomo ni tofauti, ni mtu mwingine mbele ya sheria, na deni lake kwa kawaida halifiki sebuleni kwako. Kwa kawaida. Kwa sababu mkopeshaji anajua hilo, na atakuletea karatasi ya pili uweke sahihi kama mdhamini binafsi. Ukiweka, ule ukuta umeubomoa kwa kalamu. Si lazima kila kibanda kiwe kampuni, mimi mwenyewe nisingefanya kwa saiba. Lakini jua ni karatasi gani unaweka sahihi, na pesa za biashara zikae kwa namba yake, pesa za nyumba kwa yake, ili siku ikifika uonyeshe friji ni ya nani.

Na ukifunga, funga kabisa. Andika barua ya kusimamisha lile jina la biashara. Waambie watu wa kaunti kuhusu leseni. Endelea kuwasilisha taarifa ya ushuru hata kama ni sufuri, KRA haijui umefunga hadi umwambie, na faini ya kuchelewa inaanzia shilingi 2,000. Mimi nilijifunza hiyo kwa njia ngumu.

Kuhusu jirani yangu, tulienda naye kwa chifu Jumatatu, tukiwa na kopi ya ile fomu na karatasi niliyochapisha ya kifungu cha 44. Mwenyekiti wa kikundi alikuja, na yule kijana wa ofisi hakuja. Chifu alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Ilichukua saa mbili na kelele nyingi. Wamekubaliana friji na kaunta ziuzwe Jumamosi, pesa zigawanywe kwa orodha, na msichana wa chapati awe wa kwanza. TV inabaki kwao hadi hapo, iliandikwa, hatukubishana.

Godoro na sufuria zilirudi jioni ileile. Mtungi wa gesi bado uko kwa mweka hazina. Anasema alikuwa ameshaujaza, kwa hivyo anadai pesa za gesi.